Kura ya Kompyuta na Siri ya Mnyonge

Muhula huu chama chetu cha mdahalo kilijadili hoja moja ambayo haikupewa wakati wa kutosha, na kwa kuwa kengele ya chakula haimngoji msemaji, naomba nafasi katika kurasa za gazeti letu niyamalize niliyokuwa nayo. Hoja yenyewe ni hii: ya kwamba uchaguzi wa viranja ufanywe kwa kompyuta za maabara yetu, na kila mpiga kura apewe karatasi iliyochapwa, yenye kuonyesha jina la aliyemchagua, ili asiwepo mtu wa kulalamika ya kwamba kura yake imeliwa.

Walioitetea hoja hiyo walisema maneno ya maana. Walisema, mtu akinunua sukari dukani hupewa stakabadhi. Wazazi wetu wakilipa karo hupewa stakabadhi. Basi kwa nini kura, iliyo na thamani kuliko sukari, isiwe na stakabadhi? Wengi walipiga makofi. Mimi sikupiga, na nitaeleza kwa nini.

Stakabadhi ya sukari haina adui. Mtu mwingine akiiona, hana la kufanya nayo. Lakini stakabadhi ya kura itatoka maabara mfukoni mwa mwanafunzi mgeni, aliyefika shuleni juzi tu, na mlangoni pa bweni atasimama mkubwa wake amwambie kwa sauti ya upole kabisa, "Hebu nione." Akiionyesha, siri imekwisha. Akikataa kuionyesha, amekwisha kujibu. Akisema ameipoteza, hatasadikiwa. Karatasi iliyotolewa ili imlinde ndiyo inayomfunga kamba. Na yule mwenye mkate wa kununulia kura, ambaye hapo kwanza hakuwa na njia ya kujua kama mkate wake umekwenda bure, sasa amepata ithibati: hakuna karatasi, hakuna mkate.

Hapa ndipo penye fumbo lenyewe, nalo si fumbo la shule yetu tu, bali la kila nchi inayofikiri kupiga kura kwa mitambo. Twataka mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kila mtu aweze kuhakikisha ya kwamba kura yake imehesabiwa kama alivyoipiga. La pili, mtu huyo asiweze, hata akitaka mwenyewe, kumthibitishia mwingine jinsi alivyoipiga. Katiba yetu ya mwaka 2010 inayadai yote mawili. Kifungu cha 81 chataka uchaguzi uwe wa kura ya siri. Kifungu cha 86 chataka njia ya kupigia kura iwe rahisi, sahihi, ya kuweza kuthibitishwa, salama, yenye kuwajibika, na ya wazi. Ukiyasoma upesi utadhani ni maneno ya kawaida ya sheria. Ukiyasoma polepole utaona ya kwamba moja lavuta huku na jingine lavuta kule.

Nchi yetu imewahi kujaribu kuvuta upande mmoja tu. Mwaka 1988, katika uteuzi wa wagombea wa KANU, kilichokuwa chama cha pekee wakati ule, watu walipanga mlolongo nyuma ya mgombea, au wakala wake, au picha yake. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya waliopanga alihesabiwa amekwisha kuchaguliwa, pasipo kura ya siri kufuata. Walioutetea mlolongo walisema hauna gharama, na kila mwenye macho aweza kuhesabu. Lakini mwenye macho hakuwa mwananchi peke yake. Chifu alikuwa na macho, mwenye shamba alikuwa na macho, na mwenye duka la kukopesha unga alikuwa na macho pia. Wako waliosimama mahali ambapo waliogopa kutosimama. Tena wazee wetu hulalamika hata leo ya kwamba mahali pengine mlolongo mrefu ulitangazwa umeshindwa na mfupi. Na watu walipokwisha kutawanyika, haikubaki karatasi hata moja ya kuhesabiwa upya. Hivyo mlolongo uliua siri, na uthibitisho nao haukupatikana. Yatupasa kulikumbuka somo hilo: kuona kwa macho si sawa na kuwa na ushahidi.

Waingereza nao walikuwa na desturi ya namna hiyo. Hadi mwaka 1872 mpiga kura wa Uingereza alitaja hadharani jina la amtakaye, na karani akaliandika daftarini. Madaftari mengi ya namna hiyo yalichapwa, na mwenye ardhi aliweza kusoma jinsi wapangaji wake walivyopiga kura. Makoloni mawili ya Australia, Victoria na South Australia, yaliwatangulia mwaka 1856 kwa kutumia karatasi iliyotolewa na serikali na kujazwa faraghani. Jambo la kutazama ni hili: faragha ile haikuwa zawadi, ilikuwa amri. Mtu hakuambiwa, "Ukipenda, ingia nyuma ya pazia." Aliambiwa aingie. Maana siri ambayo mtu aweza kuiacha kwa hiari yake ndiyo siri ambayo mwenye nguvu aweza kuidai.

Sasa tuutazame upande wa pili. Sanduku la kura laficha vizuri, lakini likiachwa peke yake laweza kuficha na wizi pia. Ndiyo sababu tumeliwekea walinzi. Mawakala wa pande zote hulitazama likiwa tupu kabla ya kufungwa kwa lakiri. Kura huhesabiwa kituoni mbele yao. Na hesabu huandikwa katika fomu. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliubatilisha uchaguzi wa rais, na katika makosa makubwa iliyoyaona yalikuwamo ya kupeleka matokeo, yaani mambo yaliyotukia baada ya kura kuhesabiwa kituoni. Mwaka 2022 Tume ya Uchaguzi iliziweka picha za Fomu 34A za vituo vya kupigia kura, zaidi ya elfu 46, katika intaneti, na mtu yeyote aliweza kuzijumlisha mwenyewe. Tazameni uzuri wa jambo hilo. Jumla ya kituo ni wazi kwa ulimwengu mzima, bali kura ya mtu mmoja imeyeyuka ndani ya jumla kama chumvi ndani ya mchuzi: inaonjwa, wala haionekani.

Je, kompyuta ikichukua mahali pa sanduku hilo? Hapo hatari yabadilika sura. Mwizi wa karatasi hana budi kubeba masanduku na kuwahonga walinzi wengi, na watu wengi hawafichi siri. Mwizi wa programu huandika mistari michache, na mashine elfu hudanganya kwa sauti moja, pasipo jasho wala kelele. Wakala akikodoa macho mbele ya kompyuta hataona kitu ila mwanga. Kwa ajili hiyo Mahakama ya Katiba ya Ujerumani, mwezi Machi 2009, iliamua ya kwamba mashine zilizotumika katika uchaguzi wa bunge wa mwaka 2005 zilikuwa kinyume cha katiba, kwa kuwa raia wa kawaida lazima aweze kuzikagua hatua muhimu za uchaguzi bila kuwa na elimu ya kitaalamu. Naona hukumu hiyo ni ya busara. Demokrasia ambayo fundi peke yake aweza kuisadiki, hiyo ni ya mafundi.

Basi tuitupe kompyuta? Hasha. Wanahesabu wameshughulika na fumbo hili kwa zaidi ya miaka 40, na baadhi ya majibu yao ni mazuri hata yanafaa kuelezwa kwa mwanafunzi yeyote.

Tuseme wagombea wawili wana alama ya Chungu na alama ya Mwiko. Unachagua Chungu, na mashine inaligeuza chaguo lako kuwa fumbo la tarakimu, na kukuchapia fumbo hilo. Wewe huwezi kulisoma, wala mkubwa wa bweni hawezi. Lakini utajuaje kama mashine haikuandika Mwiko ndani ya fumbo? Mwanahesabu wa Marekani, Josh Benaloh, alitoa njia hii. Fumbo likiisha kuchapwa, unayo hiari ya namna mbili. Ama unasema, "Piga kura hii," ama unasema, "Nakushtaki, fungua." Ukiishtaki, mashine yalazimika kutoa ufunguo wa fumbo lile, na mtu yeyote mwenye kompyuta nyingine aweza kuthibitisha kama ndani yake mlikuwa na Chungu au Mwiko. Kura iliyofunguliwa hutupwa, kwa kuwa si siri tena, nawe hupiga nyingine upya. Mashine haijui mapema nani atapiga na nani atashtaki. Kwa hiyo haiwezi kumdanganya mmoja pasipo kujihatarisha mbele ya wote.

Wapenda hesabu watanielewa nikitoa mfano. Tuseme mashine imeamua kuyaharibu mafumbo 100, na watu huishtaki mara moja katika kila mara kumi, bila utaratibu unaojulikana. Nafasi ya kuponyoka mara moja ni 0.9. Nafasi ya kuponyoka mara zote 100 ni 0.9 kwa kipeo cha 100, nayo ni chini ya moja katika 37,000. Mwizi mwenye akili hatacheza kamari ya namna hiyo.

Kisha mafumbo yote hubandikwa mahali pa wazi, kila mtu akalitafuta lake na kuliona lipo. Hesabu za leo zaweza kuyajumlisha yakiwa yangali yamefungwa, ikafunguliwa jumla peke yake. Na ufunguo wa jumla hukatwa vipande, wakapewa watu wa pande mbalimbali, asiweze mmoja kuutumia peke yake. Mji mdogo wa Takoma Park, katika jimbo la Maryland huko Marekani, ulitumia njia ya jamii hiyo mwezi Novemba 2009. Mpiga kura alitia alama kwa kalamu maalumu, zikatokea herufi zilizokuwa zimefichwa. Akiandika herufi hizo kando, aliweza baadaye kuzitafuta katika intaneti. Zilimwambia kura yake imeingia sawasawa. Hazikumwambia mtu mwingine alimchagua nani. Na karatasi zenyewe zilibaki, kama ingelazimu kuhesabu kwa mkono.

Sasa mwaona tofauti niliyokuwa nikiitafuta siku ile ya mdahalo. Kuna ushahidi wa kumtuliza mwenye kura, na kuna ushahidi wa kumwonyesha bwana mkubwa. Wa kwanza ni haki. Wa pili ni pingu. Mashine njema hutoa ule wa kwanza tu.

Lakini angalieni, katika njia hizo zote mpiga kura alikuwa peke yake alipochagua. Wako wanaotaka tusonge mbele zaidi, mtu apige kura kwa simu akiwa sebuleni, shambani au kazini. Nchi ya Estonia inafanya hivyo kwa intaneti tangu mwaka 2005, na katika uchaguzi wa bunge wa mwaka 2023 zaidi kidogo ya nusu ya kura zilipigwa kwa njia hiyo. Waestonia si wajinga. Waliliona tatizo la kulazimishwa. Dawa yao ni kwamba mtu aweza kupiga kura tena na tena, na ile ya mwisho ndiyo inayohesabiwa. Na akienda kituoni kupiga kwa karatasi, ya karatasi huifuta ya intaneti. Kwa hiyo aliyelazimishwa asubuhi aweza kujikomboa jioni. Ni dawa nzuri, ila yadai ya kwamba jioni hiyo ipo. Akitokea mwenye kumsimamia mtu dakika ya mwisho, au mwenye kuishika kadi yake ya kitambulisho mpaka uchaguzi uishe, dawa imemwagika.

Watafiti watatu, Ari Juels, Dario Catalano na Markus Jakobsson, walitoa mwaka 2005 njia ya ajabu zaidi. Kila mpiga kura apewe ufunguo wake wa siri, tena aweze kujitungia funguo za uongo zinazofanana nao. Akija mwenye kumshurutisha, ampe ufunguo wa uongo na kupiga mbele yake kura anayoitaka. Mtambo utaipokea kura ile bila kununa, na wakati wa kuhesabu utaitupa kimya kimya, asijue mtu ni ipi iliyotupwa. Baadaye mwenye kura atapiga ya kweli kwa ufunguo wa kweli. Ukiitafakari njia hiyo utatabasamu. Lakini uliza: ufunguo wa kweli aliupokea wapi? Lazima alipewa mahali ambapo mshurutishaji hakuwapo. Na kura ya kweli aliipiga lini? Lazima alipata dakika moja ya kuwa peke yake. Tumeondoa kibanda cha kupigia kura mlangoni, nacho kimerudi kwa dirishani.

Hilo ndilo neno langu kubwa kwa wasomaji. Mtambo wa kura usipimwe kwa upesi wake, wala kwa ugeni wake, bali kwa swali moja: je, mtu mnyonge kuliko wote aweza kumwambia mwenye nguvu, "Nimekuchagua wewe," hali hakumchagua, na asigunduliwe kamwe? Kama aweza, mtambo unafaa. Kama hawezi, ni mlolongo wa mwaka 1988 uliovikwa nguo mpya. Na mpaka leo sijaona hesabu iwezayo kufanya kazi hiyo mahali ambapo mnyonge hapati hata dakika moja ya faragha.

Najua mwalimu wa dini ataniuliza: je, wataka kujenga uchaguzi juu ya uongo? Nami najibu kwa heshima, la. Mtu aulizaye asilo na haki ya kulijua, huku ameshika fimbo au mkate, hakuuliza swali, ametega mtego. Dhambi ya jibu lile iko mlangoni pake. Tena mahali ambapo jibu haliwezi kuthibitishwa, taratibu watu huacha kuuliza, maana nani atanunua mbuzi gizani? Siri iliyo imara humwokoa mnyonge hata asilazimike kusema uongo.

Wengine watasema nawasahau wagonjwa na vipofu. Siwasahau, bali kwa ajili yao naipenda kompyuta. Kipofu anayesaidiwa kituoni kutia alama hana siri kamili. Yule amsaidiaye ameijua kura yake, hata akiwa ndugu yake. Mashine inayomsomea majina kwa vipokea sauti vya masikioni, naye akabonyeza mwenyewe, humrudishia siri ambayo sisi wenye macho tulizaliwa nayo. Hiyo ndiyo kazi inayoistahili mashine: kumwingiza mtu faraghani, wala si kumtoa.

Kwa shule yetu, basi, napendekeza mambo manne. Kompyuta itumike kuhakiki majina, ili mtu asipige kura mara mbili. Kura yenyewe iwe ya karatasi, itiwe alama nyuma ya pazia, isiwe na jina wala namba ya mwanafunzi. Zihesabiwe palepale mbele ya wakala wa kila mgombea na mwalimu mmoja, na hesabu ya kila bweni ibandikwe ubaoni siku hiyohiyo. Na mwisho, isitolewe stakabadhi ya namna yoyote yenye kuonyesha jina. Anayetaka kujizoeza mafumbo ya Benaloh na aje katika chama cha hisabati. Huko tutayafanya kwa kuchagua chakula cha Jumamosi, ambacho hakina wa kukihonga.

Na kwenu ninyi wazazi, ambao kura zenu ni nzito kuliko zetu, nina ombi moja. Siku hizi simu ya mkononi ni stakabadhi iliyojificha: mtu aweza kupiga picha karatasi yake kibandani na kwenda kudai malipo yake nje. Italia ilitunga sheria mwaka 2008 ya kukataza kuingia na simu za namna hiyo mahali pa kutia alama. Mkiombwa picha, jueni ya kwamba mwombaji haamini ahadi zenu, na kwa kutoamini kwake amekiri ya kwamba kura bado ni yenu. Mwacheni na shaka yake. Siku atakapokuwa na hakika na kura ya kila mtu, hatakuwa na haja tena ya kutubembeleza.

Mwanachama wa Chama cha Mdahalo